Uliza Tukujibu: Parti ya liberali ya nchi isiyokuwepo

Karibuni tena wasomaji wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na wote mnaotusoma. Mwezi huu barua za politiki zimekuja nyingi, na moja imekula karibu ukurasa wote juu swali lake lilikuwa tamu, zingine nimezijibu mbio mbio, mtanivumilia.

Papa mhariri, jambo yenu. Miye ni mwanafunzi ku UNILU, universite ya hapa Lubumbashi. Na banduku wa teatri hapa Kampemba tunaandika mchezo ya redio, na tulitunga nchi yetu wenyewe juu hatutaki matata na mutu. Iko na ziwa, iko na bandari, iko na mfalme wa zamani, iko na mugodi ya shaba (kuiacha ilitushinda hahaha), na parti mbili kubwa. Moja tuliiita ya liberali. Shida ni historia yake. Tuliandika kama avoka (wakili) mumoja muzuri alianzisha parti juu anapenda uhuru, batu bote bakamufwata, akashinda, kwisha. Mwalimu wetu alisoma akacheka, akasema hii haiko historia, hii ni katekisimu. Sasa kweli kweli parti ya liberali inazaliwaka namna gani? Na inazeekaka namna gani? — Mwanafunzi wa Kampemba

Mdogo wangu, mwalimu wenu ana haki, nami ningecheka naye. Parti haizaliwi na mapendo ya uhuru. Inazaliwa na ugomvi, tena ugomvi juu ya kitu unaweza kushika na mkono: nani atafundisha watoto, mkate utauzwa bei gani, nani atazika wafu, nani atalipa kodi na nani hatalipa. Uhuru unakuja nyuma, siku ya hotuba. Kwa hiyo kabla ya kutafutia huyo avoka jina, jiulizeni kwanza mu nchi yenu watu wanagombania nini.

Chukua Ubelgiji, tuanze kule juu mambo yao yalifika mpaka kwetu. Wabeleji waliachana na Uholanzi 1830, na miaka ya kwanza Wakatoliki na maliberali walitawala pamoja vizuri tu, sababu wote walikuwa wanamwogopa mfalme wa Uholanzi. Huyo mfalme alipokubali mambo yaishe, 1839, woga ukapungua na urafiki nao ukaanza kupasuka. Tarehe 14 mwezi wa 6 mwaka 1846 maliberali wakakutana Brussels, mu nyumba ya mji, wakaunda chama chenye programu na chenye wanachama, na hiyo ndiyo parti ya kwanza ya nchi ile kupangwa hivyo. Angalia walikuwa nani: maavoka, wafanyabiashara, wenye fabriki, watu wa mjini wanaosema Kifaransa, wengi wao mafransimaso (frimasoni). Mmoja wao, Verhaegen, alikuwa amesimamisha universite mjini Brussels 1834 juu maaskofu mwaka ule ule walikuwa wamesimamisha ya kwao. Unaona? Parti haijakuwepo bado, lakini ugomvi uko na majengo yake tayari, na maprofesa.

Halafu jambo moja mchezo wenu usilisahau: waliokuwa na haki ya kuvoti ile wakati ni wanaume wanaolipa kodi ya kutosha, kikundi kidogo sana cha watu. Parti ya liberali ilikuwa na nguvu kubwa mu klabu ndogo. Mkifunga mlango mnashinda, mkiufungua hamjui nani ataingia. Hiyo ndiyo hadithi yao yote kama mnataka kuisema kwa pumzi moja.

Sasa njo sehemu ambayo ningekuwa mimi ninayeandika mchezo ningekaa hapo vipindi vitatu. 1879 maliberali wako serikalini, mkubwa wao Frère-Orban, wanapitisha sheria kwamba kila komini lazima iwe na shule ya msingi ya serikali, isiyo na padri ndani ya masaa ya masomo. Maaskofu wakawaka moto. Mwalimu anayefundisha mu shule ile, hakuna sakramenti. Mzazi anayepeleka mtoto pale, hakuna sakramenti. Vijiji vikagawanyika, familia zikagawanyika, Wakatoliki wakajenga shule zao kila fasi kwa michango, na 1880 Ubelgiji ikakata uhusiano na Vatikano kabisa. Fikiria mwalimu wa kijiji mwenye watoto watano, mshahara wake uko ku serikali na mama yake mzazi anasali rozari ili aache ile kazi. Huyo mwalimu ana faida mu mchezo kushinda avoka wenu muzuri mara mia. 1884 uchaguzi ukafika, maliberali wakaanguka vibaya, na Wakatoliki wakatawala peke yao miaka thelathini, mpaka vita ya 1914. Wanahistoria wanaiita vita ya kwanza ya mashule. Kumbuka hiyo "ya kwanza", tutarudi ku ya pili.

Kuzeeka kwake nako ni kwa ajabu. Maliberali walikuwa wawili ndani ya nyumba moja: wa Frère-Orban hawataki mfanyakazi avoti, wa Paul Janson wanataka. Waligombana mpaka wakawa parti mbili. 1893 kukawa na magrevu (migomo) makubwa na bunge likakubali kila mwanaume wa miaka 25 avoti (wenye mali au masomo walipewa sauti ya pili au ya tatu, ujanja haukosi), wapiga kura wakaongezeka mara kumi hivi, na uchaguzi wa 1894 masosialisti, ambao parti yao ilikuwa na miaka tisa tu, wakapata viti vingi kuliko maliberali wa tangu 1846. Kilichowaokoa ni hesabu tu: 1899 sheria ikasema viti vigawanywe kufuatana na kura, basi hata mdogo anapata kitu. Na mambo ya wanawake usiniulize, hiyo parti ya uhuru iliogopa miaka na miaka kuwapa wanawake kura eti watafuata mapadri, na mwanamke wa Ubelgiji alikuja kuvoti uchaguzi wa bunge 1949, sheria ikiwa ya 1948. Muwekeni huyo mwanamke mu mchezo wenu tafadhali, ana maneno ya kusema.

Kama mnataka ife kwa njia nyingine, ziko. Uingereza parti ya liberali ilishikana 1859 toka vikundi vitatu ambavyo vilikuwa havipendani sana, 1906 wakashinda ushindi wa kutisha, 1908 wakaanzisha pensheni ya wazee, watu wakafikiri hawa hawataondoka tena. Halafu vita, na Desemba 1916 Lloyd George akamtoa Asquith ku kiti cha waziri mkuu, wakubwa wawili wa chama kimoja, kila mmoja na watu wake, na wafanyakazi huko nje walikuwa wameshapata parti yao wenyewe. 1951 walibaki na wabunge 6. Sita! Wakubwa wawili waliogombania kiti, hiyo mtu wa Congo haitaji kuelezwa.

Kolombia ni damu. Kule liberali na konservateri zilianza miaka ya 1840 mwishoni, na mtu akawa anazaliwa liberali kama vile anazaliwa na ukoo, baba liberali, babu liberali, kijiji kizima liberali na kile cha ng'ambo ya mto ni adui. Vita vyao vikubwa, vya Siku Elfu, vilitoka 1899 mpaka 1902. 1948 wakamuua Gaitán mu barabara za Bogotá, kiongozi wa maliberali ambaye maskini walimpenda, mji ukaungua, na mauaji yakaendelea miaka mingi mpaka wakubwa wa pande mbili wakakubaliana kupokezana uraisi, wewe miaka minne mimi miaka minne, toka 1958 hadi 1974. Amani ilipatikana kiasi, lakini jiulize huyo mwananchi anavoti nini sasa kama mshindi anajulikana kabla.

Na kwa kucheka kidogo, Senegali. Abdoulaye Wade alianzisha PDS 1974, akisema ni chama cha wafanyakazi. 1976 raisi Senghor akapitisha sheria kwamba nchi itakuwa na parti tatu tu na kila moja na mawazo yake yaliyoandikwa: moja sosialisti (yake bila shaka), moja ya Marx, moja liberali. Wade akapewa liberali kama mtoto anavyopewa unifomu ya shule, ikutoshe isikutoshe vaa. Akaivaa, akashindwa uchaguzi 1978, 1983, 1988, 1993, na mwaka 2000 akaingia ikulu nayo. Kwa hiyo hata hiyo inawezekana mu nchi yenu, mfalme wa zamani ndiye anagawa majina ya parti, na mwenye kupewa liberali wala hakuiomba.

Nilitaka kuacha Afrika ya Kusini lakini roho inakataa. Pale Liberal Party ilianza 1953, Alan Paton, mwandishi wa vitabu, alikuwa mmoja wa wakubwa wake, weusi na weupe pamoja, ndogo, haikushinda kitu cha maana. Mwanzoni hata wao walitaka kura ya weusi iwe na masharti, baadaye wakayatupa. 1968 serikali ya apartheid ikatoa sheria kwamba parti haiwezi kuwa na watu wa rangi tofauti. Wangeweza kufukuza nusu ya wenzao wakaendelea. Wakafunga chama. Kwangu mimi hiyo ndiyo siku yao kubwa kuliko zote, ingawa ku vitabu vya uchaguzi hawaonekani.

Sasa nchi yenu. Mna ziwa na bandari, kwa hiyo mna wafanyabiashara, na mna mfalme, kwa hiyo nadhani mfalme ndiye anauza ruhusa ya kupitisha chumvi na samaki. Ugomvi huo hapo, msihangaike. Maliberali wa kwanza ni wenye pirogi kubwa wanaotaka kuuza bila kumpigia mfalme magoti, na watoto wao waliosoma. Wanashinda, mfalme anabaki na kiti na kofia. Wanafungua shule. Halafu wajukuu wao ndio wana hisa mu mugodi, na siku wachimbaji wanaomba kuvoti, mikutano ya chama inageuka kelele: babu zetu walipigania uhuru wa kila mtu au uhuru wetu? Muache wagombane pale pale, kwa sauti, redio inapenda sauti. Avoka wenu mnaweza kumbakiza lakini mumupatie kasoro, kwa mfano ana hotuba nzuri na deni bandarini.

Mhariri, niko na babu hapa Likasi anabishana na kila mutu kama Lumumba alikuwa mu parti ya liberali ya Wabeleji. Batu wanamucheka. Ni kweli ao babu anachanganya? — Mjukuu wa Likasi

Mwambie babu apewe kiti, hachanganyi. Lakini lazima ujue ilikuwa liberali ya namna gani.

Toka mapatano ya 1906 kati ya Vatikano na Congo ya mfalme Léopold, kusomesha watoto ilikuwa kazi ya misioni, zaidi ya Katoliki. Waprotestanti walikuwa na zao pia, lakini shule ya leta (ya serikali) kwa mtoto mweusi, fasi asome bila padri, ilikuwa karibu hakuna. Sasa 1954 ku Ubelgiji Wakatoliki wanapoteza uchaguzi, masosialisti na maliberali wanafanya serikali pamoja chini ya Van Acker, na wizara ya koloni inaangukia liberali mmoja anaitwa Auguste Buisseret. Kule kwao vita ya pili ya mashule inawaka, na huyu bwana anaileta huku: anafungua shule za leta, za laiki, kwa watoto wa Congo. Mamisioni walikasirika sana, barua na maandamano huko Ulaya, na huku mapadri kwenye mahubiri.

Upande wa Wakongomani waliosoma, wale walioitwa ma evolué, ilikuwa jambo jipya kabisa. Mara ya kwanza wanaona wazungu wanagombana mbele yao wazi wazi, na mtu mweusi anaweza kuchagua upande. Lumumba ile wakati ni karani wa posta Stanleyville, leo Kisangani, anaandika mu magazeti, anaongoza vyama vya ma evolué, na akaingia mu kikundi cha maliberali. 1956 alikuwa kati ya wale walioalikwa na wizara ya koloni kutembelea Ubelgiji. Kwa hiyo babu yuko sawa. Ila liberali wa Buisseret hakuwa anataka uhuru wa Congo, alikuwa anataka shule isiyo na padri na koloni inayobaki koloni yenye watu waliosoma. MNC (Mouvement National Congolais) ambayo Lumumba alikuwa ndani yake mwezi wa 10 mwaka 1958 ni kitu kingine, ile ilitaka nchi. Wenye kumcheka babu wanafikiri mtu anazaliwa akiwa Lumumba wa 1960 tayari. Alipitia huko, aliona mipaka yao, akatoka.

Na mwambie mwanafunzi wa Kampemba hapo juu kwamba universite anayosomea yeye imetoka mu ugomvi ule ule. Wakatoliki walifungua universite ya Lovanium kule Léopoldville (Kinshasa ya leo) 1954, na upande wa leta ukajibu na universite yake rasmi hapa Élisabethville (Lubumbashi ya leo), iliyofungua milango 1956. Mobutu aliziunganisha zote 1971, na 1981 ndiyo ya hapa ikawa UNILU. Brussels 1834, Lubumbashi 1956, wanafunzi hawa wote ni watoto wa matata ya maaskofu na maliberali, kama wanajua ao hawajui.

Nyongeza moja kwa babu: mwezi wa 2 mwaka 2002, waziri wa mambo ya nje wa Ubelgiji aliyeomba musamaha kwa familia ya Lumumba na kwa Wakongomani juu ya sehemu ya nchi yake mu kifo kile aliitwa Louis Michel. Wa parti gani? Ya liberali. Babu atapenda hiyo.

Kwa nini parti za kwetu zinagawanyika kila siku, leo mrengo huu kesho mrengo ule, na za Ulaya zinabaki pamoja? — Mama wa Katuba

Mama, nani alikuambia zinabaki? Hao hao maliberali wa Ubelgiji walibadilisha jina 1961, wakaacha kugombana na Kanisa ili Wakatoliki wenye biashara nao waingie, na miaka kumi haijapita sana wakapasuka kwa lugha, wa Kiflamandi kivyao, wa Kifaransa kivyao. Wa Kiflamandi wakawa VLD 1992, halafu Open Vld 2007. Wa Kifaransa wakawa PRL 1979, halafu MR 2002. Na bado wakatoa mawaziri wakuu, Verhofstadt 1999 na Charles Michel 2014, huyu ni mtoto wa Louis. MNC yetu yenyewe ilikuwa haijamaliza mwaka, ikapasuka 1959, ya Lumumba na ya Kalonji. Tofauti naona iko hapa: kule wakipasuka kila kipande kinabaki na wapiga kura wake na lugha yake, hapa kipande kinabaki na tampo (muhuri) na katibu mkuu mmoja.

Hamuoni haya kuandika maliberali wa Wabeleji na Wakolombia, Congo yetu haina historia? — Msomaji aliyekasirika, komini ya Kenya, hapa Lubumbashi

Hasira yako imepokelewa. Historia iko, lakini toka 1967 mpaka 1990 parti ilikuwa moja, MPR ya Mobutu, na mtu alikuwa mwanachama wake toka kuzaliwa apende asipende, basi liberali au sosialisti wangepitia wapi? UDPS, parti ya upinzani, ilianzishwa 1982 na waanzilishi wake wakaonja jela na kupelekwa vijijini kwa nguvu. Tarehe 24 mwezi wa 4 mwaka 1990 Mobutu alisema parti zitakuwa tatu (Senghor mwingine huyo), na mwaka ule haujaisha akafungua mlango kwa zote, zikamwagika kama mvua ya Novemba, nyingine za kweli na nyingine zikilipwa na yeye mwenyewe ili kelele ziwe nyingi. Katika zile zilizoandika "liberali" ku kibao, sijaona iliyotuambia inagombania nini, kodi gani, shule gani, ruhusa gani. Ikiwepo ituandikie, tutaichapa.

Na kwa kuwa unataka ya kwetu, saidia basi. Mwezi wa 12 mwaka 1957 watu wa miji mitatu tu walivoti mara ya kwanza Congo hii, Léopoldville, Élisabethville na Jadotville ambayo ni Likasi ya leo, kuchagua madiwani wa komini. Kama mu Kenya, Katuba ao Kamalondo kuna mzee aliyevoti siku ile na bado anakumbuka alimpa nani kura na juu ya nini, muandikie maneno yake utuletee ku ofisi, hata kwa daftari la watoto, nafasi ya mwezi ujao nimemuwekea.